Pengo Kwenye Mstari wa Tatu

Asiyetaka kuniamini atoke sasa hivi, mlango uko wazi na miguu yake haijavimba kama yangu. Mimi Marcel wa Feliksi, niliyeacha shule darasa la nne, niliyebeba magunia ya dagaa pale Kibirizi mpaka shingo ikazama mabegani, nimeliona shamba la baba yangu lililoko ng'ambo ya ziwa, mchikichi mmoja mmoja, nikiwa nimekaa hapahapa Gungu, Kigoma, juu ya ndoo iliyofunikwa. Kataeni! Mwalimu Onesmo, jirani yetu, naye alikataa. Akasema, "Marcel, wewe hata risiti unaishika juu chini, ramani utaisomea wapi?" Nikamwambia, mwalimu, shikamoo yako nitakupa jioni, sasa hivi kaa pembeni ujifunze.

Sikilizeni wanangu, Kurwa na Dotto, na wewe Dismasi mdogo wangu, acha kununa, uso huo utunze kwa ajili ya msiba. Najua mnanicheka moyoni, mtu wa miaka thelathini na mitano, ndevu zenyewe za kuhesabu, anatoa wosia kama mzee wa ukoo. Haya, wazee wa ukoo wako wapi? Vita viliwapunguza, kambi ikawamalizia, nikabaki mimi na ini langu bovu. Mtaniita mzee hivyohivyo, hamna mwingine.

Nyumba hii ya vyumba viwili ni yenu, Kurwa na Dotto, asije mjomba wala shemeji kuwaambia mtoto hana nyumba. Pikipiki ni ya Dismasi, na breki ya nyuma aitengeneze leo, nisije nikapata mgeni kaburini kabla sijazoea mahali.

Sasa shamba. Mkataa kwao mtumwa, lakini kwetu kwenyewe kulipotea. Kambini kila walipotuandikisha upya waliuliza kijiji, na kila karani aliandika alivyosikia, mpaka Kabumbe yetu ikawa na majina manne na haipo popote. Ukiliandika jina kwenye ramani ya simu, ile ya picha zilizopigwa kutoka angani, unaletewa msitu mtupu. Wenye shahada zao huishia hapo. Mimi niliachana na majina, nikaufuata ufuko kwa kidole, kijito kwa kijito, miezi miwili, bando likiisha nashinda njaa ninunue jingine. Na nilikosea, sifichi. Nilikuwa natafuta kanisa lenye mto upande wa kushoto, kama mtu aliyesimama mlangoni akitazama ziwa, na kila kanisa nililolikuta mto wake uko upande mwingine. Siku moja nikajipiga kofi. Sisi tuliokimbia, kwetu hatukukuona mara ya mwisho tukiwa mlangoni, tulikuona tukiwa kwenye boti, shingo zimegeuka nyuma! Basi nikaizungusha ramani, magharibi ikawa juu, ziwa likanijia tumboni, nikatazama kwetu kama mkimbizi anavyotazama. Lile bati la kanisa. Ule mdomo wa mto. Na pale juu mistari tisa ya michikichi aliyoipanda baba kwa kamba, imejipanga kama shanga, na katika mstari wa tatu lile pengo, pale radi ilipoua mchikichi wa tano nikiwa mdogo. Nilipiga ukelele, Mwalimu Onesmo akaja mbio na fimbo akidhani ni nyoka.

Nikaweka alama pale, nikaandika "Kwa Feliksi" ili ulimwengu wote usome, nikajipa na nyota tano. Nani wa kunizuia?

Nikamwita mama. Ninyi wanangu mlimjua bibi yenu Stephania, miaka ishirini na moja kando ya ziwa hili hakutia samaki mdomoni, hata dagaa niliokuwa napewa bure kazini aliwagawia majirani, kwa sababu alisema hawezi kula kilichomla mwanawe. Shangazi yenu Melania, wa miaka tisa, aliyekuwa kwenye boti ya mbele tulipovuka mwaka tisini na nane, na boti ile ikazama machoni petu. Hadithi hiyo mmeisikia kila Krismasi. Basi nilimwonyesha mama shamba, nikidhani atapiga vigelegele. Hakulitazama. Aliweka kidole kwenye maji, akawa anayapapasa yale maji ya bluu, picha ikikimbia huku na huku, akauliza, "Ni hapa, Marcel? Au ni mbele kidogo?" Nikamwambia, ni hapo mama.

Nipeni maji. Kidogo tu, Dotto, unaninywesha kama ng'ombe.

Dismasi, tuna kinyongo mimi na wewe, tukizike kabla yangu. Uliitazama picha ile ukaona chini ya michikichi kumepaliliwa, ukauliza nani anapalilia shamba letu, nami nikajibu, wavamizi. Ukanoa panga. Mara tatu ulitaka kuvuka ukawatimue, mara tatu nikakuzuia, mara vita bado, mara ziwa chafu, mara mimi naumwa. Ukaniambia mbele ya watu kwamba ninataka kula peke yangu. Nililimeza neno lile, na ni chungu kuliko dawa za hospitali. Haya, leo nagawa, mistari minne kwako, minne kwa mapacha, na ule wenye pengo msiuguse, baba yetu amezikwa mwishoni mwake.

Pendaneni. Msiache kusali. Mungu awape... awape afya niliyoichezea mimi, awape maneno machache na vitendo vingi, tofauti na baba yenu. Kurwa, njoo nikushike kichwa. Na wewe Dotto. Mbarikiwe mkilala, mbarikiwe mkiamka.

Ngojeni. Padri asiingie bado. Niinueni.

Mficha maradhi kifo humuumbua, na kuna kipande nimekiruka. Nimekiruka kila Krismasi. Siku ile mama alinikabidhi mkono wa Melania, nami nikauachia. Hakukuwa na risasi wala msukumano. Niliitaka redio ya baba. Nikamwambia, wewe una mbio, rudi nyumbani ukaichukue. Boti ikajaa. Mama alikuwa amekubeba wewe mgongoni, Dismasi, akauliza, "Melania yuko wapi?" Nikasema, yuko boti ya mbele. Na ilipozama, Mungu anisamehe... nilishusha pumzi, maana sasa hakuna wa kuniuliza. Ile shingo niliyoigeuza, wanangu, haikugeukia kanisa. Alikuwa anateremka kati ya michikichi, mzigo kichwani, anakimbia.

Mwaka jana kabla ya Pasaka mtu aliandika pale kwenye alama yangu. Nimeyakariri. "Ni nani ameandika jina ya baba yangu hapa? Mimi Melania niko. Redio nililetaka, nikakuta boti ilishaendaka." Na picha yake. Ana mvi tayari, Dismasi. Ana sura ya mama.

Mama aliishi miezi mitano baada ya hapo, akila mchicha. Sikumwambia. Mimi mwenye mdomo Kigoma nzima... sikumwambia. Wala sikumjibu yule.

Futeni nilivyogawa. Mistari tisa yote ina mwenyewe, ndiye anayepalilia. Panga... lirudi jikoni. Simu iko chini ya godoro. Namba ya kuifungua ni mwaka aliozaliwa. Moja. Tisa. Nane...

Tisa.

Mjibuni.