Fundi Ngazi na Bango la Kulabu ya Tisa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mabango wa ukumbi wetu wa maigizo atakabidhi funguo za karakana na kwenda nyumbani, baada ya utumishi wa miaka thelathini na sita, miezi minne na siku ambazo yeye anazijua idadi yake na mimi nimechoka kubishana naye. Jina lake kamili limo kwenye faili, lakini humu ndani halitumiki. Anaitwa Fundi Ngazi, kwa sababu ukimtafuta chini humpati.

Aliajiriwa kama seremala wa jukwaa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza milango isiyokwenda popote na madirisha yasiyo na nje, na aliifanya vizuri kiasi kwamba mwigizaji mmoja aliwahi kutokea dirishani kwa nguvu zote akajikuta uani. Mwaka wa pili, mchoraji mabango aliyekuwepo aliacha kazi ghafla zikiwa zimebaki siku tatu onyesho lifunguliwe. Mkurugenzi wa wakati ule akawakusanya mafundi na kuuliza nani anaweza kuandika herufi kubwa. Seremala wetu akanyoosha mkono. Mpaka leo anashikilia kwamba alikuwa anaomba ruhusa ya kwenda kunywa maji.

Bango lake la kwanza lilikuwa na vituko. Alianza upande wa kushoto kwa herufi nene za kujiamini, akafika ukingoni neno la mwisho likiwa halijaisha. Hakufuta. Aliongeza ubao mwingine uliokunja kona ya jengo, na herufi nne za mwisho zikasomeka kutoka uchochoroni. Watu wakawa wanasimama mbele, wanasoma, wanazunguka kona kumalizia, wanacheka, na kwa kuwa walishafika mlangoni, wengine wanaingia. Mkurugenzi alimwita ili amkaripie, akachungulia ukumbini akakuta viti vimejaa, akaishia kumpa mkono. Tangu siku hiyo Fundi Ngazi huanzia herufi ya katikati na kwenda pande zote mbili kwa zamu.

Ukuta wetu wa mbele una kulabu kumi na moja za chuma, na desturi ya nyumba hii ni kwamba aliyepandisha bango ndiye anayelishusha. Daftari la karakana linaonyesha amepandisha mabango mia nne na kumi na mawili. Kila moja alilipima kwa njia moja tu. Akishalitundika, huvuka barabara hadi kwa fundi viatu wa upande wa pili, ambaye macho yake si mazima, na kumwomba alisome kwa sauti. Fundi viatu akisoma bila kukunja uso, kazi imekwisha. Akisita, bango linarudi karakana hata kama onyesho ni kesho yake.

Hayo ya kupandisha. Ya kushusha ni habari nyingine, na kila mfanyakazi mwenzangu anayesoma hapa ameshaanza kutabasamu. Kwa miaka mingi mabango sita ya maonyesho yaliyokwisha zamani yalikuwa yananing'inia mbele ya jengo letu mchana kweupe. Bango la igizo la watoto waliocheza sungura lilikaa pale mpaka sungura wale wakaoa na kuolewa. Karani wetu wa tiketi, Mama Tiketi, alikuwa akieleza watu kutwa nzima kwamba hilo halipo, na hilo halipo, na lile pia halipo. Siku moja walikuja mume na mke wamependeza, wanataka kichekesho ambacho kilishafungwa miaka saba nyuma. Mama Tiketi kwa huruma akawapa viti vya mbele kwenye onyesho lililokuwepo, ambalo lilikuwa na mazishi mawili. Hatujawaona tena.

Mimi nilifika hapa miaka minane iliyopita kuwa afisa utawala. Nilikuja na fagio jipya, kama wasemavyo, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ule ukuta. Nikamwita Fundi Ngazi, nikamwambia ayashushe. Alinikubalia kwa adabu zote. Wiki ikapita, akaniambia ngazi ina kidato kilicholegea. Kidato kikakazwa, akasema kuna upepo. Upepo ukatulia, akasema nyuma ya mabango kuna nyuki. Alinipiga chenga mwaka mzima. Nikamwandikia barua ya onyo, akaisoma, akaikunja mara nne, akaniuliza kama inaruhusiwa kuchorea upande wa nyuma.

Miaka miwili baadaye nilimwandikia ya pili, na hiyo haikuwa ya mzaha. Nafasi ya mkuu wa karakana ilikuwa wazi na kila mtu alijua ni yake. Kwa barua ile ikaenda kwa mwingine, mtu mzuri, ambaye wiki ya kwanza alimwendea Fundi Ngazi amfundishe kazi. Akamfundisha. Sikusikia neno la kunung'unika kutoka kwake, nami nikajisemea kwamba mtu mvivu akikamatwa huwa hana la kusema.

Naandika haya kwa sababu nilikosea, na nimekubaliana na mhariri wa jarida hili la ukumbi kwamba wasifu huu usichapishwe bila sehemu hii.

Mwezi uliopita nilimpa fomu ya makabidhiano, ile ambayo kila anayestaafu hujaza vitu vilivyo mikononi mwake. Aliijaza kwa mwandiko wake mzuri: ngazi mbili, brashi thelathini na moja, kamba ya chaki, msumeno, jiko la kuyeyushia gundi. Mstari wa mwisho ulisema: bango moja, kulabu ya tisa, halijashushwa, naomba lisishushwe mpaka mhusika atakapotaka mwenyewe. Nikamuuliza ni mhusika gani huyo. Akaniuliza kama nimewahi kuzisoma kanuni za ukumbi. Nikasema ndiyo, na kwa kweli nilizisoma mpaka ukurasa wa tisa. Akaniomba niende wa kumi na mbili.

Kanuni ya ishirini na mbili inasema: “Msanii hatanyang'anywa chumba chake cha kuvalia hadi bango la onyesho lake litakaposhushwa.” Waasisi waliiweka kwa sababu zamani wasanii walikuwa wakifungiwa nguo zao ndani mara tu pazia la mwisho likishuka. Haijawahi kufutwa. Bango la kulabu ya tisa ni la kichekesho kiitwacho Mama Mkwe Kaja na Godoro, kilichofungwa miaka kumi na minne iliyopita. Na chumba namba nne, nyuma ya jukwaa, mpaka leo kinatumiwa na mwigizaji aliyecheza mama mkwe.

Mama Mkwe tunamjua wote. Huingia saa tatu asubuhi na kutoka saa tisa, na mimi nilidhani ni mshonaji wa mkataba wa zamani, maana vifungo vya mavazi yetu havijawahi kukatika vikabaki vimekatika. Kumbe hana mkataba wowote. Mumewe alifariki mwaka ule ule onyesho lilipofungwa, naye akahamia kwa mwanawe mkubwa, nyumba ya vyumba vitatu na wajukuu sita. Hanyanyaswi pale, mkwe wake anampenda na wajukuu wanamgombania. Ila analala sebuleni, anaamkia sebuleni, na vitu vyake viko kwenye sanduku chini ya kochi. Fundi Ngazi alipokwenda chumba namba nne kuchukua orodha ya wasanii ili akashushe bango, alimkuta amekaa kwenye kiti, mikono mapajani, hafanyi chochote. Alimwambia Fundi kwamba anapumzika kidogo tu, kwa kuwa huo ndio mlango pekee uliobaki duniani ambao yeye anaweza kuufunga. Fundi Ngazi akarudi nje, akaikunja ngazi, akaenda kunywa chai.

Hiyo inaeleza bango moja. Nikamuuliza, je, yale matano mengine? Akanijibu bila kuinua macho kwamba bango moja la zamani likibaki peke yake ukutani, afisa yeyote mwenye akili atauliza kwa nini. Yakibaki sita, ataona fundi ni mvivu, na basi. Miaka minane nilikuwa nimeona uvivu pale alipotaka nione uvivu, nikautilia na mhuri.

Niliona vibaya, na nikataka kutengeneza mambo haraka, nikazidi kuharibu. Nilimwita Mama Mkwe ofisini nimweleze na kumwomba radhi. Sikujua kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajui lolote. Alidhani ofisi imempa chumba kwa heshima ya kazi yake. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua ufunguo shingoni, akauweka juu ya meza yangu.

“Mwanangu,” akasema, “mtu amekosa cheo kwa ajili yangu, mimi niko mle nashona vifungo nikidhani ofisi imenipenda. Sirudi humo. Kalishusheni.”

Nikatuma aitwe Fundi Ngazi. Alikuja na rangi mikononi, akauona ufunguo mezani, akaelewa. Mama Mkwe alimsema. Yule mama amecheza majukwaani miaka ishirini na sauti anayo. Mama Tiketi aliyasikia yote akiwa dirishani kwake. Mama Mkwe alimuuliza Fundi kwa nini hakumwambia hata siku moja.

“Ningekwambia, dada, ungekataa,” Fundi Ngazi akasema. “Na ungekataa, ungeenda kukaa wapi?”

Mimi nikajitia hamnazo na kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Hatimaye Mama Mkwe akaunyanyua ufunguo wake, lakini akatoa sharti. Alitaka mabango yale matano yashuke, yote, wiki ile ile. Kama bango la kulabu ya tisa ni lake, lionekane kwamba ni lake. Alisema hataki kufichwa kama kitu cha wizi, hasa kwa kazi ambayo watu walilipenda godoro lake kuliko walivyompenda bwana harusi.

Nikaipeleka kanuni ya ishirini na mbili kwenye kamati ya ukumbi, nikaisoma mwenyewe kwa sauti. Mjumbe mmoja alipendekeza ibadilishwe. Akakumbushwa kwamba kubadili kanuni kunahitaji mkutano mkuu wa wanachama, na mkutano mkuu haujatimiza idadi kwa miaka mitano. Mkurugenzi akaamua kwamba kanuni ni kanuni, bango libaki, ila lazima liwe na mtu ofisini wa kulijibia, kwa sababu anayelijibia sasa anaondoka.

Kwa hiyo wiki yake ya mwisho ya kazi Fundi Ngazi aliitumia kushusha. Siku ya kwanza mawili, siku ya pili matatu, na nyuma yake hakukuwa na nyuki hata mmoja. Siku ya tatu alilishusha la kulabu ya tisa kwa muda wa saa tano tu, kwa ruhusa ya maandishi ya Mama Mkwe, ili alipake rangi upya. Alilichorea godoro mistari ya bluu na nyekundu, akaongeza jina la mwigizaji, ambalo mara ya kwanza lilikuwa limeandikwa dogo mno. Saa nane lilikuwa limerudi mahali pake. Mama Mkwe alivuka barabara kwenda kulitazama, akasimama pale kwa fundi viatu kwa muda, kisha akarudi ndani na kufunga mlango wake.

Kwa wale watakaouliza mstaafu atafanya nini, jibu analo mkewe. Kuna rafu ya jikoni ambayo mama huyo ameingoja miaka ishirini, ilhali ameolewa na mtu anayetundika mbao za watu wengine mjini kote. Ameniomba nimwachie mumewe mapema ikiwezekana. Watoto wao wanne wamesomeshwa kwa kazi ya ngazi ile, na binti yao wa mwisho ameniambia kwamba mpaka leo hawezi kupita chini ya maandishi yoyote bila kuangalia kama yamenyooka. Nasi pia tumekuwa hivyo, Fundi, na tunakulaumu kwa hilo.

Jana alikuja kumaliza makabidhiano. Tulipitia fomu mstari kwa mstari, ngazi, brashi, kamba ya chaki, msumeno, jiko la gundi, na karakana ikasaini kupokea kila kimoja. Tulipofika mstari wa mwisho akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba kulabu ya tisa ina kutu na inataka grisi kila baada ya miezi sita, kwamba skrubu ya kushoto isikazwe sana, na kwamba mvua ikinyesha ya upepo nitoke nikaangalie. Nimeandika yote. Kisha nimesaini.

Fundi Ngazi, barua zangu mbili nimezitoa kwenye faili lako, na ninakuomba radhi hapa mbele ya wenzetu wote, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipokuvunjia heshima. Kwa niaba ya ukumbi mzima tunakushukuru kwa herufi zote na kwa ukimya wako. Kaa nyumbani kwa afya na furaha, pamoja na mama na watoto, na rafu itundikwe. Bango la kulabu ya tisa halitashuka mpaka mwenyewe atakaposema. Akija afisa mwingine na fagio lake jipya akauliza ni uvivu wa nani huu, barua ya onyo aiandike kwa jina langu.