Msumari Usio na Picha

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Anirban funga dirisha, kelele za tramu zinanipotezea maneno, nami sina mengi ya kupoteza. Nyumba hii ni yenu wawili, msiigombanie. Sutapa akae juu kwenye mwanga, kaka mtu achukue chini. Hayo ni mepesi. Linaloninyima usingizi ni ule msumari.

Mnaujua, ule wa ukutani, juu ya meza ya ibada, ambao bibi yangu aliuvisha shada la maua kila asubuhi kama majirani walivyovisha picha za marehemu wao, ila sisi picha hatukuwa nayo. Mama alikufa nikiwa bado nanyonya, na picha yake ya pekee ikabaki ng'ambo ya mpaka nchi ilipokatwa vipande viwili, tukakimbia na masufuria. Watu husema mzee huyu anachora nyuso tu, hana mti wala mto, waacheni waseme. Maisha yangu yote nilikuwa namtafuta mtu mmoja. Macho hayana pazia: nimewakodolea wajane, wauza samaki, hata wake za watu, nusura nipigwe sokoni.

Kila nilipomaliza uso nilimwita shangazi yenu Hemlata, maana yeye alikuwa mkubwa, alimwona mama. Naye hucheka. "Hii pua si ya yule muuza samaki wa Maniktala? Mama yetu alikuwa na pua ya watu, bwana! Rudi kazini, mdogo wangu." Nikarudi, tangu nywele nyeusi hadi hizi.

Juzi nikamwonyesha wa mwisho. Hakucheka. Alikaa hapo kitandani, akanishika mkono, akasema, "Nisamehe. Uso wa mama ulinitoka kabla hujajua kushika brashi. Nilikuwa nakataa tu, nikiogopa utamtundika mwanamke mwingine, tuwe tunamlilia mgeni."

Msimlaumu, maji yakimwagika hayazoleki. Lakini tangu hapo naogopa, wanangu, naogopa sana. Labda mama yumo kwenye turubai zile za michoro mlizozirundika barazani, labda nilimuuza kwa mtu wa Mumbai, na hakuna tena duniani wa kuniambia. Na ninyi je? Sutapa, fumba macho. Kovu langu liko juu ya jicho gani? Umeona! Unabahatisha, nawe umenilisha wali kwa mkono wako mwezi mzima.

Basi wosia wangu ni huu. Msinitundikie picha ya kamera, wala uso wowote niliouchora mimi. Msumari wa mama uacheni na shada lake, pigilieni mwingine kando. Mkaa uko kwenye kopo chini ya kitanda. Nichoreni, nyote wawili, hata nikitoka kama boga. Ulichokichora kwa mkono wako hakikutoki upesi.

Leteni vichwa niwawekee mikono... Mungu awajalie uzee wenye watu wa kuwatazama.

Sasa niinueni kidogo, mwanga uniangukie. Anza na kovu, Anirban... la kushoto, mwanangu, kushoto. Sutapa, usilie kwanza, karatasi italowa. Sitikisiki... nimetulia. Nitazameni.