Ukuta Nyuma ya Kabati

Marehemu, maarufu kama Fundi Chokaa, alizaliwa tarehe 4 Machi 1948, mtoto wa tatu wa mfyatua matofali na mshonaji. Siku hiyo mvua ilinyesha hadi kuku wakaogelea. Asiyeamini awaulize kuku.

Shule alisoma hadi darasa la nne. Mwalimu alimkuta anakwangua ukuta kwa rula.

"We, unafanya nini?"

"Nahesabu rangi, mwalimu. Ziko tano."

Hesabu hizo hazikuwamo kwenye mtihani.

Mwaka 1964 alianza uashi, akakarabati majumba ya zamani kwa miaka hamsini. Wajukuu zake aliwafundisha kuyasoma.

"Babu, kwani nyumba inasema?"

"Inasema, ila haina haraka. Oneni kizingiti kilivyobonyea katikati: hiyo ni miguu ya watu. Hapa matofali ni tofauti: palikuwa na dirisha, likazibwa. Na masizi yale? Hapa walipika."

Hakuwahi kufunika alama ya mtu kabla ya kuwaita watoto waione.

Alioa tarehe 12 Agosti 1972, baada ya kupiga lipu ukuta mmoja wa baba mkwe kwa siku kumi na moja. Mjomba wa bibi harusi aliuliza, "Huu ukuta unarefuka, au fundi kapenda kivuli?"

Mwaka 1980 binti yao wa kwanza alifariki akiwa na miaka sita. Ukutani chumbani ilibaki mistari sita ya penseli, ya kimo chake.

"Piga lipu," mkewe alisema. "Sitaki kuiona."

Kesho yake Fundi akasema, "Tayari, mama watoto," akasukumia kabati pale. Mkewe, ambaye mtaani anajulikana kama bingwa wa kutunga uongo mtamu, alidanganywa miaka arobaini na mitatu asijue.

Januari 2023 vumbi la chokaa lilimlemea mapafuni. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi. Ili jeneza lipite, wanawe walisogeza kabati. Mistari ipo. Fundi alipiga lipu kuizunguka tu, akaiacha katikati kama dirisha.

Mkewe hakulia. Aliketi kitandani akahesabu moja hadi sita, akaanza tena.

"Mama, kabati tuliweke wapi?"

"Popote. Si pale."

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanane, na mistari sita.

Apumzike kwa amani, fundi wetu. Kazi yake imeonekana.