Haikuwa Kifua: Maisha ya Mama Benedikta Elia Mhando (1961–2025)

Ndugu waombolezaji, marehemu aliacha ombi moja kuhusu wasifu huu. Aliomba ugonjwa uliomuua utajwe kwa jina lake, kwa sababu mjukuu wake Noa anao. Ugonjwa huo ni pumu. Wengi wenu mlimfahamu Mama Benedikta kwa miaka mingi, na neno hilo hamkuwahi kulisikia nyumbani kwake. Familia imekubali lisomwe leo. Haikuwa rahisi.

Benedikta alizaliwa tarehe 3 Machi 1961 katika kijiji cha Misozwe, wilayani Muheza, akiwa mtoto wa mwisho wa marehemu Mzee Elia Mhando na marehemu Mama Agnesi. Alikuwa mtoto mwembamba, mpole, aliyependa kukaa karibu na dada yake Yudith.

Alianza shule ya msingi hapo hapo kijijini mwaka 1969. Akiwa darasa la tatu alibanwa na pumzi katika shamba la shule, na mwalimu wake akampakia kwenye baiskeli hadi hospitali, ambako alichomwa sindano ya adrenalini. Adrenalini ni homoni ambayo mwili hujitengenezea mtu anaposhtuka. Hufanya kazi kwa kugusa sehemu ndogo sana mwilini ziitwazo vipokezi: vile vya kwenye mapafu hulegeza njia za hewa, na vile vya kwenye moyo huufanya uende mbio. Marehemu alisimulia hadi uzeeni kwamba hewa ilimrudia upesi sana, lakini moyo ulimdunda kama mtu anayekimbizwa na mbwa, akamwuliza muuguzi mbwa yuko wapi.

Mwaka 1974 Yudith aliposwa. Wazee wa upande wa pili waliposikia kwamba katika nyumba ya Mzee Elia mna pumu, posa ikavunjika. Tangu siku hiyo Mama Agnesi alipiga marufuku neno hilo. Mtu akiuliza, jibu lilikuwa moja: ana kifua. Kwetu kifua ni kila kitu. Ni kikohozi, ni mafua yaliyokawia, ni maumivu ya mbavu. Anayeambiwa hivyo hutoa pole, wala haulizi zaidi.

Alipomaliza darasa la saba, Benedikta alijifunza ushonaji kwa masista, kisha akapata kazi katika shamba la mkonge karibu na Ngomeni, kwenye chumba cha brashi ambamo nyuzi husafishwa. Vumbi la mle lilimzidi, akaacha mwaka 1982. Alihamia Tanga mjini, akafungua kibaraza cha kushona sare za shule huko Ngamiani, na kazi hiyo ndiyo iliyomlea hadi mwisho.

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na Ayubu Kiondo, fundi wa reli, na Mungu akawajalia watoto watatu. Mumewe alimtunza vizuri na ndiye aliyekuwa akimnunulia vidonge vya salbutamol, akijua kuwa ni dawa ya kifua. Alifariki mwaka 2009. Ni watoto waliomhimiza mama yao atumie pampu ya kuvuta dawa hiyo hiyo kwa mdomo. Salbutamol huamsha vipokezi vile vile vya mapafu vinavyoguswa na adrenalini, ndiyo sababu hufungua kifua. Ikizidi huamsha na vya moyo, na mikono hutetemeka.

Kila alipobanwa akiwa kibarazani, marehemu aliingia ndani, akajifunika kanga usoni na kuvuta pampu yake. Majirani wakaamini anavuta ugoro kwa siri. Sikukuu moja ya Idi, jirani yake Bi Zuwena alimletea, pamoja na sahani ya biriani, kikopo cha ugoro kutoka Moa, akamwambia asione haya, kila mtu ana lake. Marehemu alikipokea kwa shukrani. Watoto walipomcheka, alisema ni heri aitwe mvuta ugoro.

Mwaka huu ugonjwa ulimzidi. Alikuwa akimeza vidonge kupita kiasi alichoandikiwa, na bado anavuta pampu. Mikono ilimtetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, na moyo ukawa unamwenda mbio. Ijumaa tarehe 8 Agosti alikwenda zahanati kueleza habari ya moyo na mikono. Mganga, kijana anayeitwa Rahimu, alipima presha akaikuta juu, akamwuliza kama ana ugonjwa mwingine wowote. Marehemu akajibu, "Kifua tu, baba." Akaulizwa kama anakohoa. Akasema mara moja moja.

Aliandikiwa propranolol. Ni dawa nzuri kwa moyo unaokwenda mbio na kwa mikono inayotetemeka, kwa kuwa huziba vile vipokezi ili visiamshwe. Lakini haichagui. Huziba vya moyo na huziba vya mapafu pia, na mwenye pumu hapaswi kuimeza. Jumamosi moyo wake ulitulia. Alitunga uzi mwenyewe, akamwita binti yake Felista, mama yake Noa, aje aone mikono ilivyonyooka. Jioni ile familia ilimshukuru Mungu.

Jumapili asubuhi alibanwa. Alivuta pampu na haikusaidia kitu, maana pale dawa ilipotakiwa kushika palikuwa pameshazibwa. Alilazwa hospitalini Tanga, akawekewa oksijeni na kupewa dawa za aina nyingine zinazopita njia tofauti. Alipata nafuu kidogo, kisha homa ya mapafu ikaingia. Daktari alipomweleza kilichotokea, alimwita dada yake.

Alimwambia anataka jina la ugonjwa litajwe kwenye msiba, mbele ya watu wote. Noa ana miaka tisa na yeye pia amefundishwa kusema ana kifua.

Yudith alimjibu, "Wajukuu wa kike tunao, Bene. Nani atakuja kuwaposa?"

"Wasipoposwa watakaa kwako wakusumbue. Lakini watakuwepo."

Yudith alitoka wodini. Hawakuzungumza tena jambo hilo. Marehemu aliaga dunia Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Felista akiwa amemshika mkono.

Mganga Rahimu alifika msibani siku iliyofuata. Alikaa na wanaume barazani, hakunywa hata chai. Familia haina kinyongo naye. Alipoaga, alimwuliza Noa anaumwa nini, na mtoto akamtazama bibi yake Yudith kwanza kabla ya kujibu. Yudith alimwambia, "Sema." Noa akasema ana pumu. Aliisema kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayetaja tusi.

Ndugu zangu, hilo ndilo marehemu alilotaka. Mwenye pumu aseme pumu kwa kila anayemwandikia dawa, hata kama amekwenda kwa ajili ya moyo, presha, au macho, kwani hata baadhi ya matone ya macho yana dawa ya jamii ya propranolol.

Marehemu ameacha watoto watatu, Felista, Danieli na Monika. Ameacha wajukuu sita, miongoni mwao Noa, mwenye pumu. Ameacha majirani wa Ngamiani, ambao sasa wanajua haukuwa ugoro. Na ameacha dada yake, Yudith Elia Mhando, mwenye umri wa miaka sabini na moja, ambaye jana jioni aliomba iandikwe hapa kwamba pumu iliyovunja posa mwaka 1974 ilikuwa yake mwenyewe, na kwamba anayo mpaka leo.

Benedikta, pumzika. Huko uliko, Bwana akupe pumzi isiyokatika.