Uso wa Mjukuu wa Papa Firmin

Jumamosi hiyo benchi la nje ya duka la Papa Firmin, fundi cherehani wa mtaa wa Turffontein, lilikaliwa na wanaume watatu, yeye mwenyewe akiwamo, waliovaa fulana za aina moja, kila kifua na uso wa kichanga. Kichanga ni mjukuu wa Firmin, aliyezaliwa Ujerumani juzijuzi. Kwa furaha isiyo na breki, babu alichapisha fulana, akajipiga picha na wenziwe, akairusha kwenye status. Asubuhi binti yake Murielle, mama wa kichanga, akapiga simu: Papa, itoe, la sivyo sitatuma picha nyingine.

— Ati kule uso wa mutu ni wake, Firmin alinung'unika. Hata mutoto! Miye babu yake niombe ruhusa?

— Ndiyo hivyo, mzee, alisema Simiyu, mfanyakazi wa benki huko Randburg, wanayemwita Wakili kwa kupenda ubishi. Wajerumani wanaanzia kwa utu. Utu wa mtu hauguswi. Ni yeye anaamua mambo yake yajulikane na nani. Mtoto hajui kuongea, so wazazi wanaamua. Lakini mianya iko! Mtu akitokea tu kando ya mandhari, hiyo inaruhusiwa.

— Eish! Pitchou msusi, yaani Ministre, waziri wa benchi, aliruka. Tuchape mulima mukubwa, mutoto tumuweke kadogo pale chini!

— Picha ya umati pia ni sawa.

— Voilà! Tumuchape mara mia kwa fulana moja. Iko umati!

— Na watu mashuhuri pia, wale hupigwa.

— Basi tumuanzishie chama, akuwe président!

Firmin alicheka bila kutaka, akaanza kuwaza kama mlima utaenea kwenye saizi ya kati.

Ndipo akaja Mwende, mteja, kuchukua gauni lake. Akatazama vifua vitatu, akasimuliwa yote, mlima na umati.

— Hongera sana, Papa Firmin. Na mama wa mtoto je, ameshapata nafuu tangu ajifungue?

Firmin alikumbuka sauti ya Murielle ilivyokuwa ya chini, ya mtu aliyechoka, na jinsi yeye alivyofoka akakata simu. Hakuwa amemuuliza hata hali. Aibu ikamshika, aibu ya kweli. Akavua fulana, akaifuta picha kwenye status, akaingia ndani na simu, amebaki na singilendi.

— Murielle, mama, ni miye. Picha nimeshatoa. Sasa niambie weye: bado unasikia maumivu?

Nje, Wakili na Ministre walivua zao bila kuambizana. Mwende akageukia barabarani, akawapa wazee faragha yao.