Uzito wa Mtoto kwa Maneno

Benchi letu limeegemea kibanda cha kinyozi, na akili kubwa ya hapo ni mimi. Shule niliiacha mapema ili wenzangu nao wapate nafasi ya kwanza. Jana asubuhi dada tunayemwita Msimbo alikaa kati yetu, kompyuta mapajani, kahawa imempoa. Programu yake ya kukokotoa dozi za watoto ilikuwa inazimika ghafla, na saa nne zahanati inaamua: inaichukua au inaitupa. Miezi mitano ya kazi hiyo.

— Ni joto, — Kinyozi akasema. — Hata mashine yangu ikichemka inang'ata watu.

— Si joto, kaka. Programu nimeiandika kwa lugha nyepesi, ila hesabu nikaziweka kwenye lugha nyingine ya kompyuta, C, ziende mbio. C inangoja uzito wa mtoto uwe namba. Mtu kaandika “kumi na mbili” kwa maneno.

— Si uzito ni uleule?

— Kwako wewe. C inayashika maneno ikidhani ni namba, inaanguka na programu nzima.

— Basi hiyo C kipofu! — nikadakia.

— Ina mbio tu. Kukagua imepewa nini ni kazi yangu mimi. Nimesahau.

Nikaimwaga kahawa yake iliyopoa, nikamwagizia nyingine.

— Ng'oa herufi zote kwenye kibodi, — nikamshauri. — Zibaki namba.

— Na majina ya watoto? — Kinyozi akauliza.

— Wapewe namba! Wazazi watazoea.

Msimbo akacheka bila kupenda, akaandika mstari mmoja: kama si namba, usiendelee. Akajaribu maneno yale yale. Haikuanguka! Tukashangilia mpaka mteja akatoka kibandani na kichwa kilichonyolewa nusu.

Hapo nesi wa ile zahanati akafika kumchukua Msimbo. Akachungulia kioo cha kompyuta.

— Hongera, mdogo wangu, haianguki. Sasa mimi nimepakata mtoto ana homa, nimekosea kuandika, na kioo kimenyamaza tu. Nitajuaje nilipokosea?

Kinyozi akapuliza nywele kwenye mashine.

— Dada, — Msimbo akasema taratibu, — naomba dakika kumi, kioo kikwambie ulipokosea.

Nesi akatazama saa, akanisukuma kwa nyonga, akakaa.

— Chukua ishirini. — Akagusa nywele zake zilizosukwa. — Wakiniuliza mbona tumechelewa, nilikuwa nanyolewa.