Loki Aliyoing'oa Natanael Purwadi

Bwana Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani zetu Waislamu mlioacha mavuno kuja kukaa nasi, ndugu na marafiki, familia imenipa mimi, mkwe wa marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, na mama mkwe amesisitiza yasomwe yote, pamoja na yale ambayo kwa kawaida msibani huwa tunayaruka, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo.

Natanael Purwadi alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika kitongoji hiki cha Sumberwaru, Kediri, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Sarpin na mama Ester Wagiyem, wakulima wa mpunga. Alisoma shule ya msingi hapa hapa, kisha shule ya ufundi mjini Kediri, akahitimu fani ya vyuma mwaka 1977, na Mei 1978 akaajiriwa katika karakana ya kiwanda cha sukari, akiwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma mpaka alipostaafu mwaka 2014.

Tarehe 2 Julai 1983 alifunga ndoa na Rut Sumiyati, wakajaliwa mabinti wawili, Debora mwaka 1985 na Tabita mwaka 1989, ambao wote wameketi hapa mbele.

Mliomfahamu mnajua kwamba akitoka kazini hakuwa mtu wa vijiwe vya kahawa, bali alikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba kwenye bunduki yake ya upepo, ile ya kupigia panya wa mashambani na kindi wanaotoboa nazi, ambayo aliinunua ya kawaida tu, naye kidogo kidogo akaibadili yote, akaikerezea mtutu mpya, akaichongea kitako cha mti wa sono, akabadili springi, akapiga msasa kila kipande cha ndani mpaka triga ikawa ya kuguswa tu, na mama akimwambia, "Mlango wa jikoni unalia mwaka wa pili sasa, au huusikii kwa kuwa hauna triga?" alicheka, akaendelea na msasa wake.

Jumamosi tarehe 9 Agosti 1997, asubuhi, marehemu na jirani yake Tukiran, ambao walikuwa chanda na pete tangu utotoni, walikwenda kuwinda panya, Tukiran akitangulia kwenye tuta la shamba, akageuka kumtania, akimwita Kang, yaani kaka, kama kawaida yake, "Kang, huyo bibi harusi wako asije akatuaibisha leo mbele ya panya," ndipo marehemu akateleza, bunduki ikafyatuka, na risasi ikaingia katika jicho la kulia la Tukiran, ambalo madaktari hawakuweza kuliokoa.

Kila mtu alisema ni ajali, Tukiran mwenyewe akawa wa kwanza kusema hivyo, akiwa bado na bandeji, lakini marehemu alijua jambo ambalo hakuna mwingine aliyelijua, kwamba wiki ile ile alikuwa ameing'oa loki ya triga, kile kizuizi cha kuzuia bunduki isifyatuke yenyewe, kwa kuwa ilimkwaruza kidole na kumharibia ule ulaini aliouhangaikia, na kwamba kama angeiacha mahali pake, angeanguka yeye tu, akafuta matope, wakacheka. Aliipandisha bunduki darini, akaacha kuimba kwaya, na kwenda kazini akazunguka njia ya makaburini ili asipite mlangoni kwa Tukiran.

Mwaka 1999 Tukiran alikuja mwenyewe, akasimama uani, akasema, "Kang, umenikimbia vya kutosha, ishushe hiyo bunduki unigeuzie iwe ya mkono wa kushoto, jicho moja bado ninalo," na marehemu akaifanya kazi hiyo karibu miaka miwili, akachonga kitako kipya cha kukaa bega la kushoto, akahamisha mkono wa kukokia, akaweka loki ngumu ambayo bila kuibonyeza kwa nguvu kwa dole gumba haiachii, na nyumbani walidhani anapona, kumbe kila alipopongezwa ilikuwa kama anapigwa.

Tarehe 17 Agosti 2001, katika mashindano ya shabaha ya sikukuu ya uhuru, Tukiran alishinda mbuzi, akashika kipaza sauti akasema, "Huyu alinichukua jicho akanirudishia shabaha, mpigieni makofi!" watu wakapiga, na marehemu akasimama, akasema, "Msinipigie. Tukiran, loki niliing'oa mimi, kwa mikono yangu, nikakunyamazia." Tukiran aliiweka bunduki mezani, akaenda nyumbani, mbuzi akabaki amefungwa pale pale.

Msimu mzima wa mpunga ukapita bila neno kati ya nyumba hizo mbili, wali na kuku ambao mama alipeleka siku ya Krismasi ukarudi haujafunuliwa, na marehemu hakujitetea, alisema tu, "Sasa ananichukia kwa haki yake." Kisha, Machi 2002, Tukiran alisimama mlangoni na kusema, "Panya wameingia kwangu, unakuja au huji?" na marehemu akatoka bila viatu. Mama alipomuuliza baadaye kama ameomba msamaha, alijibu, "Sijamwomba. Nikimwomba nitamlazimisha anijibu," na miaka ikaenda hivyo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2020, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na aliyempeleka kwa pikipiki ni Tukiran, marehemu akiwa nyuma amemshika kiuno, akimtajia magari yanayotokea upande wa kulia. Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa tatu asubuhi, alifariki akiwa na miaka sitini na mitano, akiacha mjane, mabinti wawili na wajukuu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa karakana, kwaya, na akina mama waliopika tangu juzi. Tunamshukuru pia Bwana Tukiran, ambaye alipouona mwili alikaa chini, akasema, "Mtu gani huyu, miaka yote hakuniomba hata mara moja, na jibu nilikuwa nalo," akaturuhusu tuyasome maneno hayo hapa.

Baba, umechoka, sasa pumzika, na amani uliyoogopa kuiomba ikupokee huko uendako.